Klabu za uchi: ziendeshwe vipi bosi apate na madansa nao wapate?

Baunsa_wa_Tacoma

Wakuu habari za saa hizi. Najua humu kuna watu wa kila aina kwa hiyo nauliza bila kuzunguka, na wale wa mahubiri naomba mtangulie kulala.

Niko huku Washington, jimbo siyo DC, pande za Tacoma. Mchana nalea wazee kama Waafrika Mashariki wengi wa huku, usiku wa wikendi nasimama mlangoni kwenye klabu ya uchi. Sasa menija wa usiku kaacha kazi, bosi kaniita akasema hiyo nafasi nakupa wewe lakini kwanza niletee mawazo maana klabu inakufa.

Kwa wasiojua hili jimbo, miaka nenda rudi klabu za uchi huku zilikuwa haziuzi pombe, ni soda, juisi na maji tu. Kwa hiyo hela ya klabu ilikuwa inatoka kiingilio cha mlangoni na kwa madansa wenyewe. Msichana akiingia zamu tayari ana deni la klabu, kodi ya stejini, halafu akitoka bado amgawie dijei, sisi mabaunsa, na yule mama wa chumba cha kubadilishia nguo. Usiku ukiwa mbovu asipopata, deni linaandikwa kwenye daftari analipa zamu ijayo. Nimeona binti anamaliza saa nane usiku, anahesabu noti zake za dola moja moja kwenye kaunta, akimaliza kulipa watu wote anabaki anadaiwa.

Mwaka 2024 ikapitishwa sheria mpya, gavana Inslee aliisaini mwezi wa tatu, watu wanaiita haki za madansa. Kodi ya klabu imewekewa kikomo, dola 150 au asilimia 30 ya alichokusanya dansa kwenye zamu ya masaa 8, ile iliyo ndogo ndiyo analipa. Deni la kubeba kwenda kesho marufuku. Vitufe vya dharura, mlinzi, chumba cha kubadilishia chenye mlango wa namba za siri, yote lazima. Na hapo hapo ikafungua mlango wa klabu kuomba leseni ya pombe.

Bosi anasema hii sheria imemuua, leseni bado anaisubiri. Mawazo yake ni aongeze wasichana kwa zamu, na aweke faini, ukichelewa faini, ukiruka zamu yako ya stejini faini, ukishika simu faini. Wasichana wameshaanza kunong'ona habari za kuhamia Portland. Mimi ndo niko katikati. Wenye uzoefu nisaidieni, hii biashara inaendeshwaje kila mtu ale?

Mzee_Kigogo

Uzi bila picha huu mkuu ni sawa na ofa ya maneno. Haya tuendelee.

Mnyenyekevu2

Kijana wewe umetoka kwenu na baraka za wazazi ukaenda kuwa menija wa uchi. Kalee wazee, hiyo ni kazi yenye thawabu. Mengine hayo sina la kukushauri.

DadaWaPortland

@Mnyenyekevu2 shikamoo mzee wangu, tumekusikia.

Kaka Baunsa, mimi nilicheza hizo klabu, kwanza huko huko kwenu Washington halafu nikashuka Oregon, sasa nimeacha nafanya mambo mengine lakini watu bado ninao. Ngoja nikwambie kitu ambacho bosi wako hatakisikia kwa mhasibu wala kwa mwanasheria.

Tatizo la hizo klabu zenu halikuwa kodi kubwa peke yake. Tatizo ni kwamba klabu ilishajizoesha kumfanya dansa ndiye mteja. Fikiria, kama hela yako inatoka kwa msichana anapoingia mlangoni, wewe unajali nini kama ukumbini kuna wanaume watano au hamsini? Umeshalipwa. Kwa hiyo hutangazi, hutengenezi taa, viti vimechanika, dijei anapiga anachotaka, choo cha wanaume kinanuka mpaka stejini, na zamu ya Jumanne unapanga wasichana ishirini kwa sababu kila mmoja anakuja na kodi yake mkononi. Wasichana ishirini wateja saba. Unajua kinachotokea? Kila mteja akikaa tu anafuatwa na watatu, hajagusa hata soda yake, nitakuchezea nitakuchezea, anachoka anaondoka na harudi tena. Halafu yule msichana mwenye deni ndiye atakayekubali mambo ya chumba cha nyuma ambayo asingekubali akiwa hana deni, mteja akizoea hivyo anaanza kudai kwa wengine wote, na sisi tusiotaka tunaonekana tunaringa. Deni ndilo lililokuwa linaharibu ile nyumba, ndiyo maana wale madansa waliopigania sheria waling'ang'ania kile kipengele cha deni.

Portland kuna nini? Kuna pombe, kuna jiko, watu wanakuja kula steki kabisa wakiangalia steji, kuna mashine za bahati nasibu za jimbo pembeni. Mwenye klabu anakula kwenye glasi na sahani. Kodi ya steji ipo ndiyo, lakini nyingi ni ndogo maana hategemei hiyo. Akitaka hela anahitaji ukumbi ujae, na mimi nikitaka hela nahitaji ukumbi ujae. Hapo ndipo mnapokutana.

Lakini usidhani pombe ni dawa. Mteja mlevi mkono wake ni mrefu. Mkipata leseni mabaunsa wawili wa mlangoni hawatoshi, mmoja lazima akae ndani na macho yake yawe kwa watu, siyo kwa steji (nawajua nyie).

Hesabu_Kichwani

Dada kamaliza sehemu kubwa. Mimi niweke namba tu kwa sababu huyo bosi anaonekana anapenda namba ila hajakaa chini akazipiga.

Tuseme usiku mmoja wateja wote kwa pamoja wanatoa dola 5,000 kwa madansa. Mfano tu huu. Ukiwa na madansa 10, kila mmoja anakusanya 500, asilimia 30 ni 150, unapata 1,500. Sawa. Sasa fanya anavyotaka bosi, weka 20. Hela ya wateja haijaongezeka, kila mmoja anakusanya 250, asilimia 30 ni 75, mara 20 ni 1,500. Hela ile ile!! Umeongeza vurugu chumbani, umeongeza kelele kwa wateja, na umewapeleka wasichana nyumbani na 175 badala ya 350, kabla hawajamgawia dijei na nyie. Wale wazuri wanaojua kazi ndio wa kwanza kuondoka.

Sasa weka watano tu, kila mmoja 1,000, kikomo kinakata kwenye 150, unapata 750. Kwa hiyo hata kupunguza sana siyo, na wateja watakosa wa kuwachezea. Kazi ya menija ni kujua usiku upi unabeba watu wangapi. Chukua mahesabu ya mlangoni ya miezi iliyopita, Jumatatu mpaka Jumapili, panga idadi kwa kufuata hayo. Ndiyo maana nasema ile sheria bosi anayoilaani imemfunga kamba moja na madansa wake, wakipata naye anapata. Zamani alikuwa anapata hata wakilala njaa.

Kuhusu faini amwone wakili kabla hajabandika tangazo ukutani. Sheria yenu ninavyoisoma haimruhusu kumtoza dansa kwa kutotokea zamu wala kumchaji kwa kuchelewa kulipa kodi. Na zaidi ya hapo kuna mtego mwingine mkubwa kuliko wa jimbo. Klabu nyingi Marekani zinasema dansa siyo mfanyakazi wetu, ni mtu anayejitegemea, amekodi steji tu, halafu hapo hapo zinampangia saa ya kuingia, viatu vya kuvaa, bei ya kumchezea mteja na faini juu. Huwezi kula huku na huku. Ukimwamrisha kama mfanyakazi mahakama itakwambia mlipe kama mfanyakazi. Rick's Cabaret ya New York ilikuta hilo mwaka 2013, mahakama ikasema hawa ni waajiriwa. Klabu ikajitetea kwamba zile dola 20 wateja wanazowapa madansa kwa kila dansi zihesabiwe kama mshahara, hakimu akakataa, hela yenyewe haikuwahi kuingizwa kwenye vitabu vya klabu kama mapato. Kesi ikaishia kwenye dola milioni 15. Kwa faini za simu na viatu huyo bosi wako anajiandikia ushahidi mwenyewe.

Baunsa_wa_Tacoma

Aisee @Hesabu_Kichwani hiyo ya 1,500 na 1,500 nimeisoma mara mbili mbili. Nitampelekea kwenye karatasi.

Swali kwako na kwa dada. Si bora basi awaajiri tu wote, mshahara wa saa, kodi ya serikali inakatwa, yaishe? Wasichana wenyewe nikiwauliza nusu wanataka nusu hawataki kabisa kusikia.

DadaWaPortland

Hawataki kwa sababu wameona California. 2018 mahakama ya juu kabisa ya kule ilitoa hukumu ya Dynamex, ilikuwa kesi ya madereva wa kusambaza mizigo wala siyo madansa, lakini kipimo kilichowekwa cha nani ni mwajiriwa na nani anajitegemea kilikuwa kigumu kiasi kwamba klabu nyingi zikageuza madansa kuwa waajiriwa, halafu 2020 ikawa sheria kamili, AB5. Vizuri si ndiyo? Ngoja. Mabosi wakasema sawa, sasa wewe ni mfanyakazi, kwa hiyo ile hela ya dansi ni ya klabu, nakupa mshahara wa kima cha chini na kipande. Rafiki zangu waliokuwa wanaondoka na sehemu kubwa ya kila dansi wakajikuta klabu inachukua nusu na zaidi, ratiba unapangiwa, na waliolalamika zamu zikapungua. Wengine wakahamia Las Vegas, wengine wakaja huku kwetu. Klabu nazo zikapoteza wale waliokuwa wanavuta wateja.

Siyo kwamba ajira ni mbaya, bima ya kuumia kazini tu peke yake ni kitu, goti langu la kushoto linajua. Lakini ajira ya bosi mwenye hasira ni adhabu. Ikija na mgao ulioandikwa na ratiba mnayokubaliana, wengi watasaini.

Usimwachie bosi aamue peke yake. Waite wasichana mchana, siyo saa tisa usiku wamechoka, waulize, halafu nyamaza wasikilize.

Nairobi_Usiku

Wasee nimefika late lakini hii mada naijua, nimemenija klabu ya aina hiyo hapa Nairobi, sitasema ipi.

Huku kwetu ni kinyume cha Washington. Pombe ndiyo biashara, dansa analipwa na klabu hela kidogo ya usiku halafu anaishi na tipu. Kwa hiyo hakuna hiyo kodi ya steji ya kutisha, lakini shida zinapitia mlango mwingine. Dansa hana karatasi yoyote. Leo anaambiwa kuja, kesho anaambiwa usikuje, akidai ya wiki jana anaambiwa bosi amesafiri. Kuna klabu nilifanya kazi ambapo tipu iliyotumwa kwa M-Pesa ilikuwa inaingia kwa till ya klabu, mteja anadhani amemtumia msichana, msichana anangoja mpaka Jumatatu kuona kama atapewa yote. Hakuwa anapewa yote. Nilipokuja kuwa menija kitu cha kwanza kila mtu akaweka namba yake mwenyewe, imechapishwa kwa kadi ndogo anampa mteja. Hiyo tu, bana, na walianza kufika kazini on time bila mtu kupiga kelele.

Na mabosi wa huku wanajidanganya kwamba bila mkataba wako salama. Employment Act ya 2007 iko wazi, kifungu cha 37, ukimtumia mtu kama kibarua mfululizo jumla ya siku za kazi zisizopungua mwezi, mahakama inaweza kumhesabu kama mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, na mkataba wa miezi mitatu kwenda juu unatakiwa uandikwe. Ni vile tu wasichana hawaendi kortini kwa sababu wanaogopa kuitwa majina. Halafu ukumbuke polisi. Msako ukiingia menija anatokea mlango wa jikoni, wasichana ndio wanapandishwa Land Cruiser. Dhamana nani analipa? Kama klabu inataka madansa wakae, iseme kabla, kwa maandishi, kwamba mkishikwa kazini dhamana na wakili ni juu yetu. Na iwe mbali kabisa na mambo ya vyumba vya juu, maana kuishi kwa mapato ya ukahaba ni kosa kwenye Penal Code na hapo anayeandamwa ni mwenye klabu.

Mzee_Kigogo

Hiyo ya mlango wa jikoni imenichekesha nikapaliwa chai

Kamanda_Flani

Mnazunguka sana. Dawa ni wasichana wainunue klabu wenyewe. Kila siku mnalia bosi bosi.

Hesabu_Kichwani

@Kamanda_Flani ilishafanyika mkuu. Lusty Lady ya San Francisco. Ile haikuwa klabu ya meza na viti, wateja walikuwa wanaangalia kupitia madirisha kwenye vibanda, wanatumbukiza hela pazia linafunguka. Vibanda vingine vilikuwa na kioo cha kuona upande mmoja, wateja wakawa wanawarekodi wasichana kwa siri, uongozi ukapuuza, wasichana wakaanzisha chama cha wafanyakazi miaka ya 1996 na 97. Mwaka 2003 wakainunua, ikawa ya ushirika, wakaiendesha miaka kumi mpaka 2013 ilipofungwa kwa ugomvi wa pango na mwenye jengo. Na intaneti ilishakula biashara yenyewe, hilo nalo lisemwe.

Kwa hiyo inawezekana. Ila kumiliki hakufuti bili. Mwenye jengo hajali kama wewe ni bosi mbaya au ushirika mzuri.

Cha karibu zaidi ni Star Garden ya North Hollywood. 2022 madansa waligoma kwa mambo ya usalama, walinzi hawawasaidii, wanaolalamika wanafukuzwa. Wakasimama nje na mabango miezi mingi, wakajiunga na Actors' Equity, chama cha waigizaji wa jukwaani, 2023 kura zikahesabiwa 17 kwa sifuri. Sasa jiulize mwenye klabu alipoteza kiasi gani muda wote huo, ukilinganisha na gharama ya kumwambia baunsa mtoe huyo jamaa nje.

Baunsa_wa_Tacoma

Hapo kwa baunsa mtoe nje umenigusa maana ndiyo kazi yangu. Kusema kweli kwetu mteja mwenye hela nyingi hatolewi. Kuna mmoja kila mtu anamjua, anabana wasichana, lakini anaagiza chumba cha VIP kila wiki. Nikimshika naambiwa legeza.

DadaWaPortland

Huyo huyo ndiye anayekumalizia klabu kaka. Kwa sheria yenu malalamiko ya dansa yanatakiwa yaandikwe na kutunzwa, na akiapa kwa maandishi kwamba mteja kamshambulia au kamnyanyasa, huyo mteja harudi miaka mitatu. Hiyo haikuanza 2024, ipo tangu sheria ya 2019. Uliza daftari hilo liko wapi hapo kwenu. Nakuhakikishia liko droo ya chini chini na halina kitu.

Na kuhusu VIP, hapo ndipo klabu zinapovuja hela bila kujua. Mteja analipa kwa kadi usiku, asubuhi mke kaona au pombe imeisha, anapiga benki anasema sikufanya mimi huo muamala. Benki inarudisha hela yake. Klabu nyingi hapo zinaenda kumkata dansa, na msichana alishafanya kazi! Halafu kuna zile kuponi za klabu, mteja ananunua kwa kadi anampa dansa, dansa akienda kubadilisha kuwa hela klabu inakata tena asilimia. Mteja hajui. Mimi nilikuwa naziogopa kama noti bandia.

Ukitaka kuanza mahali ambapo bosi hatabisha, anzia hapo. Kabla ya VIP: kitambulisho, sahihi kwenye karatasi yenye bei na muda, picha ya risiti, mlinzi anashuhudia. Benki ikiuliza una kitu cha kuwaonyesha. Hela ya klabu imekaa, ya dansa imekaa. Na kuponi akibadilisha apewe kamili, gharama ya kadi aibebe mteja kwenye bei.

Nairobi_Usiku

Hiyo ya karatasi tulijaribu huku, wateja wakakataa kusaini, wakubwa hawataki jina lao mahali.

DadaWaPortland

Asiyetaka kusaini alipe cash.

Baunsa_wa_Tacoma

Nimekutana na bosi jana mchana. Hesabu ya madansa kumi na ishirini kaiangalia muda mrefu, akachukua kikokotoo akairudia mwenyewe. Faini kasema atamwuliza wakili. Karatasi ya VIP kaikubali palepale, inaonekana keshaumizwa na benki zaidi ya alivyowahi kuniambia. Kuponi kakataa. Yule mteja wa kubana kanijibu "tutaona".

Daftari nimelipata. @DadaWaPortland lilikuwa droo ya pili kutoka chini, kurasa zote nyeupe. Jumapili saa tisa mchana nimeitisha kikao na wasichana na nimewaambia bosi hatakuwepo. Niwaulize kitu gani kwanza, mgao wa dijei au ratiba? Maana nikianza na vyote najua hatutamaliza.

DadaWaPortland

Ratiba. Na peleka chakula.